Maudhi Madogo Madogo: Madogo kwa Nani?

Katika zahanati zetu, vituo vya afya na maduka ya dawa kuna maneno matatu ambayo kila mgonjwa ameyazoea: "maudhi madogo madogo". Mgonjwa anayeuliza iwapo vidonge alivyoandikiwa vitamsumbua hujibiwa kwamba yako maudhi madogo madogo, asiwe na hofu, yatapita. Kisha hukabidhiwa bahasha iliyoandikwa "1 x 3", na mwingine huitwa dirishani. Maudhi hayo ni yapi, yataanza lini, yatakwisha lini, afanye nini yakimpata, na ni lipi kati yake ambalo si dogo hata kidogo, hayo haambiwi.

Makala haya yanadai jambo moja. Maelezo juu ya maudhi ya dawa si hisani anayofanyiwa mgonjwa na mtoa dawa mwenye moyo mwema. Ni sehemu ya dawa yenyewe, kama kilivyo kipimo na kama ilivyo idadi ya siku. Dawa itolewayo bila maelezo hayo ni nusu dawa. Nasi wakazi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria tunayo sababu ya pekee ya kulisema hili, kwa kuwa kazi zetu, vyakula vyetu na historia ya mkoa wetu vina mengi ya kutufunza juu yake.

Tuanze na dawa zenyewe. Antibayotiki ni dawa za kuua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Haziui virusi, na ndiyo maana hazitibu mafua hata zikimezwa mwezi mzima. Lakini mwili wa binadamu haukaliwi na bakteria wabaya peke yao. Ndani ya utumbo wamo bakteria wengi mno wasio na madhara, ambao kazi yao mojawapo ni kuwanyima wabaya nafasi. Amoksilini iliyomezwa kwa ajili ya nimonia haiwezi kubagua, huwapiga wote. Ndipo tumbo linapovurugika na mgonjwa akaharisha, na ndipo baadhi ya wanawake wanapopatwa na fangasi sehemu za siri baada ya kumaliza dozi. Hiyo si ishara kwamba dawa ni mbovu. Wala si ishara kwamba dawa "inapigana na ugonjwa", kama wengi wadhanivyo. Ni bei ambayo mwili hulipa ili uponywe, na mtu mzima anayo haki ya kutajiwa bei kabla ya kununua.

KAZI NA JUA

Sasa tuichukue bei hiyo tuipeleke mwaloni. Doksisaiklini ni antibayotiki ya bei nafuu, nayo huandikwa mara nyingi, hasa kwa magonjwa ya zinaa, kwa muda wa siku 7 na pengine hata 14. Inazo tabia mbili zijulikanazo vizuri. Kwanza, kidonge chake kikikwama kooni huunguza njia ya chakula. Pili, huifanya ngozi ishindwe kustahimili jua, hata ikababuka kwa mwanga ambao siku nyingine usingeidhuru.

Katika nchi za baridi, kumwambia mgonjwa akae mbali na jua ni ushauri usiomgharimu kitu. Lakini mwanamke wa Igombe, wa Kayenze au wa visiwa vya Ukerewe, ambaye riziki yake ni kuanika dagaa, hulihitaji jua hilo hilo. Dagaa wasipokauka huoza, na wakioza hakuna ada ya shule wala unga wa jioni. Kumwambia mwanamke huyu "usikae juani", na kuishia hapo, ni kumwambia aache kazi. Kutomwambia lolote ni vibaya zaidi, kwa sababu siku ya tatu, ngozi ya uso na mikono ikimwaka moto, atajiamulia mwenyewe, na uamuzi wake utakuwa kuacha dawa. Nani atamlaumu? Yeye amechagua kazi inayolisha watoto badala ya vidonge ambavyo hakuna aliyemweleza.

Ushauri unaomfaa upo, nao si mgumu. Avae nguo ya mikono mirefu. Ajifunge kanga kichwani na shingoni. Dagaa waanikwe asubuhi mapema na wageuzwe alasiri jua likipungua, na pale inapowezekana jirani amshikie zamu ya mchana kwa siku hizo chache. Zaidi ya yote ajue kwamba hali hiyo itakwisha dawa ikiisha. Mtu anayeijua siku ya mwisho ya taabu yake huivumilia taabu hiyo kuliko mtu asiyejua mwisho wake.

Mvuvi wa dagaa naye ana lake. Hufanya kazi usiku wa giza, taa zikiwa juu ya maji, na hurudi ufukweni alfajiri akiwa hoi. Akifika hutupia kidonge kinywani, hukisukuma kwa funda moja la maji, kisha hujilaza. Kidonge hukwama, huunguza, na kesho yake hata mate hayamezeki. Sentensi moja tu ingemwokoa: umeze ukiwa umesimama au umekaa wima, kwa glasi nzima ya maji safi, na usilale kabla ya nusu saa kupita. Sentensi hiyo haihitaji fedha za kigeni wala mtambo kutoka ng'ambo.

Tutazame dawa nyingine, metronidazo, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flagyl. Huleta kichefuchefu, huacha ladha ya chuma mdomoni, na yaweza kuubadili mkojo ukawa na rangi ya kahawia. Mambo hayo hayana hatari, nayo hupungua dawa ikimezwa baada ya chakula. Lakini mtu aimezaye hukatazwa pombe, wakati wa dozi na kwa siku mbili tatu baada yake, kwa kuwa mchanganyiko huo huweza kumletea kutapika, uso kuwaka na moyo kwenda mbio. Tumfikirie basi kijana aliyeuza sangara wake Ijumaa, akapita mahali akanywa, kisha akatapika usiku kucha. Asubuhi hutafuta mchawi wake, naye humwona katika bahasha ya vidonge. Hutupa dawa, chupa haitupi. Angekuwa ameonywa, huenda angeahirisha pombe kwa wiki moja. Na kama asingeahirisha, walau angejua ni kipi kilichomtapisha.

Tuingie bara kidogo, kwa wafugaji wa Magu, Kwimba na Misungwi. Huko maziwa ni chakula cha heshima, na mgonjwa hupewa maziwa ili apate nguvu. Lakini madini ya kalisi yaliyomo katika maziwa hunasana na siprofloksasini tumboni, na sehemu kubwa ya dawa hutoka mwilini bila kufanya kazi. Mgonjwa haponi, akirudi huambiwa dawa "imeshindwa", na hupewa nyingine kali na ghali zaidi. Kumbe dawa haikushindwa, ilizuiliwa njiani. Ilitosha kumwambia aimeze kwa maji, saa mbili kabla ya maziwa.

Siprofloksasini hiyo hiyo inalo onyo lingine linalowahusu watu wa kazi za nguvu. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa za jamii hiyo ziandikwe onyo kali, kwamba zaweza kuumiza na hata kukata kano, hasa ile ya kisigino, na zaidi kwa wazee na watumiaji wa dawa za steroidi. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya nayo ilibana matumizi yake. Madhara hayo hutokea mara chache. Hata hivyo, mvuta nyavu au mbeba magunia wa mwalo wa Kirumba anayesikia maumivu ya ghafla juu ya kisigino atadhani ni uchovu wa kazi, na ataendelea kuvuta na kubeba. Je, hapana budi kano ikatike ndipo aambiwe?

HOFU AU UJINGA?

Wako wataalamu waaminifu wanaopinga maelezo ya namna hii. Husema kwamba mgonjwa akitajiwa maudhi ataogopa na hatameza kabisa, au atayasikia maudhi kwa sababu tu ametajiwa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba mtu akisomewa orodha ndefu ya mabaya, bila kuambiwa ni mara ngapi hutokea na afanye nini, atatoka ametishika. Lakini hiyo ni hoja ya kusema vizuri, siyo hoja ya kunyamaza. Kunyamaza hakuyaondoi maudhi. Humwacha mgonjwa akutane nayo peke yake, usiku, akiwa na majirani wenye tafsiri zao.

Nchi yetu imekwisha kulilipia somo hili. Mwaka 2008, huko Morogoro, watoto wa shule za msingi walipewa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Hiyo si antibayotiki, lakini kisa chake ni kile kile. Dawa hiyo huweza kuleta maumivu ya tumbo, kizunguzungu na kutapika, hasa ikimezwa na mtoto mwenye tumbo tupu, na maudhi hayo hupita kwa muda mfupi. Wazazi hawakuwa wameelezwa hayo ipasavyo. Watoto walipoanza kuugua, uvumi ulienea kwamba wamelishwa sumu. Wazazi wenye ghadhabu walimiminika shuleni, ghasia zikazuka, na ugawaji wa dawa ukasimamishwa. Dawa ilikuwa njema na nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni maneno. Nasi wa Kanda ya Ziwa, ambao kichocho cha tumbo kimetukaa katika visiwa vya Ukerewe, Ukara na Kome, hatuna haki ya kukichukulia kisa hicho kuwa cha watu wa mbali.

Wengine husema kwamba mwananchi wa kijijini hatayaelewa mambo ya kitaalamu. Dharau hiyo ilikwisha kujibiwa miaka mingi iliyopita. Mwaka 1973 taifa liliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasomewa vitabu, wakajadiliana juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wengi wao ndio kwanza walikuwa wakijifunza kusoma. Kama wakulima hao waliweza kuelewa safari ya minyoo kutoka udongoni hadi tumboni, wajukuu wao wenye simu mkononi wataelewa kwa nini kidonge hakimezwi kwa maziwa.

YASIYO MADOGO

Neno "vumilia" nalo lina hatari yake. Mtu aliyefundishwa kwamba kila adha ya dawa ni ndogo na ni ya kuvumiliwa, huvumilia hata ile ya kumuua. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kuzijua dalili ambazo zikitokea haachi dawa kimya kimya wala haendelei kumeza, bali hukimbilia kituo cha afya, na bahasha yake ya dawa mkononi.

Dalili hizo ni chache na zaweza kukaririwa na mtoto wa darasa la nne. Midomo, ulimi au uso kuvimba, au kifua kubana mara baada ya sindano ya penisilini au kidonge cha amoksilini: hiyo ni mzio, na dakika zina thamani. Upele unaotoa malengelenge, ngozi kuchubuka, au vidonda kinywani na machoni, hasa kwa watumiaji wa kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita Septrini: hapo dawa ikome mara moja, na msaada utafutwe siku hiyo hiyo. Macho kuwa ya manjano. Kuharisha damu, au kuharisha maji bila kukoma. Masikio kuvuma au kizunguzungu kwa mtu anayechomwa sindano za streptomaisini au jentamaisini. Maumivu ya ghafla ya kano. Mgonjwa wa namna hii asiambiwe avumilie. Aidha, siku aliyodhurika aikumbuke na jina la dawa alikumbuke, na kila aendako kutibiwa alitaje. Mtu aliyevimba kwa penisilini mwaka huu aweza kufa kwayo mwaka ujao, mikononi mwa mganga asiyejua habari zake.

Tofauti hii, baina ya adha ya kuvumilia na hatari ya kukimbia, ndiyo kiini cha maelezo tunayoyadai. Mgonjwa asiyeijua hukosea kwa njia mbili: huacha dawa ambayo ingemponya, au hushikilia dawa inayomuua.

Historia ya kifua kikuu nchini mwetu inalithibitisha hili. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ukishauriwa na Dk. Karel Styblo. Utaratibu uliojaribiwa Tanzania, wa dozi kamili, dawa zisizokatika na mgonjwa kumeza mbele ya mwangalizi, ndio uliokuja kuwa mfano ambao Shirika la Afya Duniani liliuhimiza duniani kote katika miaka ya 1990. Wengi husifu nidhamu ya utaratibu huo na kusahau jambo lingine lililo ndani yake: mgonjwa huonana na mhudumu mara kwa mara, na maudhi yake huonekana. Rifampisini hugeuza mkojo, na hata machozi, kuwa na rangi ya machungwa. Asiyeambiwa hudhani anakojoa damu. Isoniazidi yaweza kuchoma nyayo kama sindano, nayo huzuiwa kwa kidonge kidogo cha vitamini B6. Katika matibabu ya miezi 6, maneno machache kama hayo ndiyo yamtengayo aliyepona na aliyetoroka.

Katika mpango huo wa awali kulikuwa pia na thiasetazoni, dawa ya bei ndogo iliyotumika kwa miaka mingi. Ukimwi ulipoingia, na sisi wa kanda hii twakumbuka kwamba wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, wahudumu wa hospitali za Afrika Mashariki walianza kuona jambo la kutisha: wagonjwa wenye virusi vya ukimwi waliopewa thiasetazoni walibabuka ngozi mwili mzima, na baadhi yao walikufa. Hawakusema ni maudhi madogo madogo. Waliandika, walihesabu, na matokeo kutoka Nairobi yalichapishwa mwaka 1991. Dawa hiyo ikaondolewa katika matibabu ya wagonjwa hao. Vivyo hivyo kwa kifua kikuu sugu, ambacho matibabu yake yalianza katika hospitali ya Kibong'oto mwaka 2009. Sindano za kanamaisini, zilizokuwa sehemu ya matibabu hayo duniani, ziliwaondolea wagonjwa wengi uwezo wa kusikia. Malalamiko na vipimo vilipolundikana, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2018 kwamba dawa hiyo haipendekezwi tena, na vidonge vikachukua nafasi ya sindano. Kila mgonjwa aliyesema "siwezi kusikia", na kila mhudumu aliyeandika maneno hayo, alichangia kuwaokoa waliofuata.

SOMO LA MWANZA

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba dawa hufanya kazi vizuri ikiandamana na mafunzo na maelezo. Kati ya mwaka 1991 na 1994 mkoa wetu ulikuwa mahali pa utafiti ambao hadi leo husomwa katika vyuo vya udaktari duniani. Katika jamii 12 za vijijini, nusu yake ziliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa. Maambukizo mapya ya virusi vya ukimwi katika jamii hizo yalipungua kwa kadiri ya asilimia 40 yakilinganishwa na yale ya jamii nyingine. Hapakuwa na dawa ya miujiza. Kilichoongezwa ni mafunzo kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya, dawa zisizokatika, usimamizi wa mara kwa mara, na elimu kwa wanavijiji. Haiwezekani kusema ni sehemu gani ya mafanikio hayo iliyotokana na elimu peke yake, lakini hakuna awezaye kuitoa elimu hiyo katika hesabu.

Kinyume chake tunakiona majumbani. Vidonge vilivyoachwa kwa sababu ya kichefuchefu havitupwi. Huwekwa katika kopo juu ya kabati, vikisubiri mtoto aumwe koo au jirani aje na maelezo ya tumbo. Bakteria waliopigwa nusu hubaki, na wale wenye uwezo wa kuistahimili dawa ndio hao waliobaki kuzaliana. Kwa makadirio ya wataalamu, mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu moja kwa moja ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumizwa zaidi. Usugu una sababu nyingi, zikiwamo dawa duni na uuzaji wa dawa bila cheti. Dozi iliyokatizwa kwa sababu ya maudhi yasiyoelezwa ni mojawapo, na ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kuizuia.

Nini kifanyike? Kwanza, mtoa dawa. Ni kweli kwamba wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu. Anayeyasema haya hajapata kusimama dirishani siku ya mnada hana budi kusema kwa unyenyekevu. Lakini tunachodai ni sentensi nne: dawa hii yaweza kukufanya hivi, itaanza wakati huu na kwisha wakati huu, ukiipata fanya hivi, ukiona hiki, rudi mara moja. Sentensi nne husemwa kwa muda mfupi kuliko ule utakaohitajika kumtibu mtu huyo kwa mara ya pili. Na ziulizwe na maswali mawili ambayo sasa hayaulizwi: unafanya kazi gani, na unakula nini? Bila maswali hayo mwanika dagaa na karani wa ofisi hupewa bahasha moja.

Wajibu huo ni wa maduka ya dawa muhimu pia. Mpango wa maduka hayo ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, kwa shabaha ya kuondoa udhaifu wa maduka ya dawa baridi, na wauzaji wake hupewa mafunzo na kuruhusiwa kuuza baadhi ya antibayotiki kwa cheti. Katika visiwa vingi duka hilo ndilo lililo karibu. Ruhusa ya kuuza na iende pamoja na wajibu wa kueleza.

Pili, mgonjwa mwenyewe. Asiondoke dirishani kabla ya kuuliza. Kuuliza si ukosefu wa adabu wala si kumdharau mtaalamu. Aseme dawa nyingine anazotumia, zikiwamo za miti shamba. Mama aseme kama ni mjamzito au ananyonyesha, kwa kuwa ziko dawa, doksisaiklini ikiwamo, ambazo kwa kawaida mjamzito hapewi. Maudhi yakimzidi asiamue gizani, arudi akaseme. Mara nyingi kipo kidonge mbadala, au njia ya kumeza isiyoumiza. Mficha maradhi kilio humfichua, na mficha maudhi naye hufichuliwa na ugonjwa uliorudi.

Tatu, taarifa ziandikwe. Tanzania iliingia katika mpango wa kimataifa wa kufuatilia usalama wa dawa mwaka 1993. Ipo fomu ya njano ya kuripoti madhara, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua jina hilo mwaka 2019, inayo ofisi hapa Mwanza. Fomu hiyo ikilala katika droo tupu ya zahanati, nchi haitajua kama dawa fulani inawababua watu wa mwambao wanaofanya kazi juani, maana wanaoandika vitabu vya dawa hawajapata kuanika dagaa. Elimu hiyo ni sisi tu tuwezao kuitoa.

Nne, viongozi wa vijiji, wa mitaa na wa vikundi vya usimamizi wa mialo. Mikutano yao hujadili nyavu, leseni na doria. Itengwe nusu saa mganga wa zahanati aje aeleze juu ya dawa zinazotumika sana mahali hapo, kwa Kiswahili chepesi na, inapobidi, kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita. Walimu nao wafanye hivyo kabla ya siku ya kugawa dawa ya kichocho, siyo baada ya mtoto kutapika.

Hakuna katika mambo hayo linalosubiri bajeti ya mwaka ujao. Twaweza kuanza kwa kulisahihisha neno lenyewe. Maudhi hayapimwi na aliye nyuma ya dirisha; hupimwa na atakayelala nayo, atakayeamka nayo, na atakayekwenda nayo ziwani. Yeye akielezwa, ataweza kusema mwenyewe lililo dogo na lililo kubwa, na dozi yake ataimaliza.